Kizuri hakijiuzi, hata kikipigwa picha

Sebuleni kwa mama mdogo, Mtoni Kijichi, kulikuwa na makopo 40 ya viungo vya pilau yaliyopangwa chini ya meza ya televisheni. Makopo mazito, mfuniko wa rangi ya dhahabu, stika iliyochorwa na mtu anayeijua kazi yake. Ndani kulikuwa na bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, vyote vimekaangwa kidogo kabla ya kusagwa. Ukifungua kopo moja, nyumba nzima inanukia Idi. Mdogo wangu, mwenye mali hiyo, alikuwa ameweka mtaji wake wote wa laki sita humo. Mwezi mzima aliuza makopo tisa, na manne kati ya hayo tuliyanunua sisi ndugu zake.

"Kaka, watu wanalaiki, wanaandika mashallah, lakini hawanunui," aliniambia.

Makopo ya namna hiyo nimeyakuta katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, yakiwa na sura nyingine: sabuni ya maji, siagi ya karanga, mafuta ya nywele ya parachichi, unga wa lishe. Mali nzuri, imekaa. Anayeitengeneza amekua akisikia mambo mawili. La kwanza ni methali ya wazee, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. La pili ni msemo wa mjini, biashara matangazo. Anaanza kwa kuliamini la kwanza. Mali isipotoka analikimbilia la pili, analipia tangazo la mtandaoni (kuboost) siku saba, hela inaisha, makopo yako palepale. Mimi naona yote mawili yanampoteza, tena kwa njia moja: yanamfanya aitazame bidhaa yake wakati alipaswa kumtazama mtu anayetoa hela mfukoni.

Mwaka 1960 mwalimu wa Kimarekani, E. Jerome McCarthy, aliyakusanya mambo anayopaswa kuyapanga muuzaji katika mafungu manne: bidhaa yenyewe, bei, mahali inapopatikana na namna ya kuitangaza. Mpaka leo mwanafunzi wa biashara hawezi kumaliza mwaka wa kwanza bila kuyakariri. Ninachokiona hapa mjini ni kwamba watu wanaanzia fungu la nne. Jina la ukurasa linapatikana kabla ya kujua nani atanunua, nembo inachorwa kabla ya kujua kwa kiasi gani, na picha zinapigwa kabla ya kujua duka gani litakubali kuweka mali. Kisha kuna jambo moja ambalo mafungu yale manne yanalitaja kwa kupita tu, na ambalo jiji hili linalijua kuliko kitabu chochote. Kipimo.

Tembea asubuhi kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Tandika uone mali inavyouzwa. Nyanya ziko kwenye mafungu. Mkaa uko kwenye kopo. Mafuta ya kula yanamiminwa kwa kipimo kwenye chupa uliyokuja nayo mwenyewe. Sukari robo, majani ya chai ya mia mbili, bando la siku moja. Hata umeme tunaununua hivyo hivyo: LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na kuna nyumba nyingi ambazo umeme unanunuliwa wa buku mbili leo na wa buku mbili keshokutwa. Mtu asiyewaelewa wakazi wa huku atasema hawa hawajui kuweka akiba, maana ukinunua kidogo kidogo unalipa zaidi. Hesabu hiyo wanaijua. Dereva wa bodaboda jioni anapeleka kwanza hesabu kwa mwenye pikipiki. Kinachobaki ndicho cha nyumbani, na kesho itakuwa namba nyingine kabisa. Kwa mwezi mzima matumizi yake ya viungo, sabuni na mafuta yanaweza kuzidi bei ya kopo lako mara kadhaa. Tatizo lake ni kwamba elfu kumi na mbili ya kopo haikai mfukoni mwake kwa wakati mmoja ikiwa haina kazi.

Nguvu ya kipimo tumewahi kuiona kwa upande wake mbaya. Viroba vya pombe kali vilienea nchi nzima kwa sababu vilikuwa vidogo, vya bei ya chini na vinafichika mfukoni, hata mfukoni mwa sare ya shule. Tarehe 1 Machi 2017 vilipigwa marufuku. Pombe iliyokuwa ndani haikupigwa marufuku, iliendelea kuuzwa kwenye chupa. Kilichokatazwa ni kipimo. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi ya huo. Ikiwa serikali iliona kwamba njia ya kupunguza ulevi wa vijana ni kuondoa kifungashio kidogo, basi muuza viungo, sabuni au unga wa lishe ana haki ya kujiuliza kwa nini kitu chenye faida kwa watu kinakaa kwenye kopo ambalo hawalifikii.

Aliyelitatua suala la makopo alikuwa mama mdogo, akiwa jikoni, wala hakuwa na nia ya kumfundisha mtu biashara.

"Mimi nikienda kwa Mangi nasema nipe mchele kilo, na vitu vya pilau vya jero," alisema, yaani kwa mwenye duka la mtaani, vya shilingi mia tano. "Nani anakwenda kununua kopo zima? Tena hilo kopo lenyewe haliniambii niweke vijiko vingapi. Nikizidisha karafuu, chakula cha watu kumi kimeharibika."

Nilimwomba arudie. Ndani ya maneno hayo kulikuwa na mambo mawili ambayo mwenye mali hakuyaona kwa mwezi mzima. Moja, mshindani wake. Yeye alikuwa akiwafuatilia wauza viungo wengine wenye kurasa nzuri, akilinganisha stika na stika. Mshindani wake halisi alikuwa kile kifungu cha nailoni kilichosokotwa, chenye vipande vya mdalasini na punje nne za iliki, kinachoning'inia kwa Mangi. Hakina jina, hakina picha, na ndicho kinacholipikia jiji zima pilau. Pili, alikuwa hajui mteja anachonunua. Mama mdogo hanunui unga wa viungo. Ananunua uhakika kwamba pilau haitaharibika mbele ya wageni.

Wauza khanga wanalijua hili tangu zamani. Simama kwenye duka la khanga Mtaa wa Uhuru utazame wanawake wanavyochagua. Kitambaa ni pamba ileile, rangi zinakaribiana, lakini mnunuzi anaikunjua doti na kusoma jina lake kabla ya jambo lingine lolote. Jina likimgusa, au likimfaa kumjibu jirani, anaichukua. Lisipomgusa, anaikunja na kuirudisha. Mwenye duka anayedhani anauza kitambaa cha kujifunga atashangaa kwa nini mzigo mmoja umeisha kwa siku tatu na mwingine una vumbi. Anauza maneno yanayovaliwa.

Kwa hiyo makopo yakafunguliwa. Makopo 40 ya gramu 250 ni kilo kumi, na kilo kumi zikawa pakiti 1,000 za gramu kumi kumi, kila moja imeandikwa kwa herufi kubwa: YA KILO MOJA YA MCHELE. Bei kwa Mangi, jero.

Hapa sitaki kudanganya mtu, maana wanaofundisha biashara huishia mahali hesabu inapopendeza. Kilo ya viungo vilivyosagwa ilikuwa inamgharimu kama shilingi 25,000. Kopo moja lilibeba viungo vya 6,250, na kopo lenyewe pamoja na stika 1,500. Likiuzwa 12,000 lilimwachia 4,250. Pakiti ina viungo vya shilingi 250 na kifungashio cha 30. Mangi anaichukua kwa 400 ili naye apate mia yake. Faida ya mwenye mali ni shilingi 120. Ili apate faida ya kopo moja, ni lazima pakiti 36 zitoke, zikiwa zimepimwa, zimejazwa na kuzibwa kwa mkono, na zimepelekwa dukani kwa miguu au kwa nauli. Kazi ni nyingi, na mgongo unauma kweli.

Lakini kopo lilitoka mara tisa kwa mwezi. Pakiti, baada ya kuzungukia maduka 14 kati ya Kijichi na Mbagala Kuu, zilikuwa zinatoka kama kumi kwa wiki katika kila duka, yaani pakiti 140, yaani shilingi 16,800 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 67,200, dhidi ya 38,250 za makopo. Hiyo bado si hela ya kujenga nyumba. Tofauti kubwa ni nyingine: fedha inarudi kila wiki, inanunua bizari nyingine, inazunguka. Mtaji uliokaa chini ya meza ya televisheni ulikuwa umelala, na mtaji uliolala unaliwa polepole na mahitaji ya nyumbani mpaka siku moja unakuta haupo.

Suala la mahali watu wengi hulielewa kama kupata fremu barabarani. Fremu ni ghali, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Vijana wengi mtaji wao umeishia hapo kabla hata rafu hazijajaa. Maana ya mahali ni ile njia ambayo mteja anapita tayari, kwa shughuli zake mwenyewe. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilijengwa ili wachuuzi wapate pa kufanyia kazi kwa staha, nia njema kabisa, lakini vizimba vyake vingi vilikaa miaka bila watu huku wachuuzi wakirudi barabarani. Wapo waliowaita wakaidi. Mimi naona walikuwa wanamjua mteja wao. Anayenunua soksi na chaja ya simu ni mpita njia. Ananunua kwa sababu kitu kimemkuta akiwa anawahi gari. Huyo hapandi ghorofa kutafuta soksi. Mtu anayetafuta kabati la nguo ni tofauti, amepanga safari yake, anataka kulinganisha, ndiyo maana mafundi wa samani wamejazana Keko bega kwa bega na hakuna anayemfilisi mwenzake. Kabla ya kulipa kodi ya fremu, jiulize mali yako ni soksi au ni kabati.

Viungo vya pilau ni mali ya kwa Mangi, kwa kuwa vinakumbukwa pale mtu anapopimiwa mchele. Na Mangi ana masharti yake. Bidhaa ngeni haweki hela yake. Anakubali mali kauli, uache mzigo, ukirudi wiki ijayo akulipe kilichouzwa. Ndiyo maana mdogo wangu alilazimika kuwa na daftari kabla ya kuwa na matangazo. Jingine ni siku. Pilau hupikwa Ijumaa, Jumapili, Idi, Krismasi na kwenye maulidi, kwa hiyo mzigo unatakiwa kuwa dukani Alhamisi. Ukipeleka Jumapili jioni umepeleka kwa wiki nzima ijayo. Pia alianza safari ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, kwa ajili ya alama ya ubora, nami nilimhimiza, kwa sababu anayekula hajui wewe ni nani, na chakula cha mtu hakichezewi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: "Bei DM," yaani niulize bei kwa ujumbe wa faragha.

Unaona gauni limepigwa picha nzuri, unataka kujua kama utaliweza. Bei DM. Unauliza saa tatu usiku, unajibiwa kesho yake saa sita mchana, "Habari mpenzi, karibu, unahitaji size gani?" Bei bado. Wakati huo uko Mtaa wa Kongo umeshanunua jingine. Nimewauliza wauzaji kadhaa kwa nini wanaficha, na sababu zao si za kipuuzi. Wengine wanaogopa washindani wataona na kushusha shilingi elfu mbili. Wengine wanaogopa kodi. Wengine wanasema wakimpata mteja ndani watamshawishi vizuri zaidi. Nazielewa zote, na bado nasema zinawagharimu. Mteja wa Dar akikuta bei imefichwa haoni siri ya biashara; anaona bei ya kuangaliwa usoni. Anajua ataulizwa yuko wapi, Masaki au Manzese, ndipo namba itajwe. Aliye na hela anahisi atapigwa, asiye nayo anaona aibu kuuliza kisha aseme sina. Wote wawili wanapita kimya, na muuzaji anabaki akihesabu laiki.

Watu hunijibu kwamba sisi ni watu wa kupatana bei, kwa hiyo kuiandika ni kujifunga. Kupatana na kuficha ni vitu viwili. Mpatanaji wa Kariakoo anataja: "Elfu thelathini, maongezi yapo." Umepewa pa kuanzia, unajua kama ubaki au uondoke. Kumbuka pia jina la usafiri wetu lilikotoka. Simulizi inayokubaliwa na wengi ni kwamba makonda wa mwanzo, miaka ya 1980, walikuwa wanapiga kelele za nauli yenyewe: dala, dala, yaani sarafu ya shilingi tano, ambayo watu waliiita hivyo kwa kuilinganisha na dola. Bei ilitamkwa wazi na kwa sauti mpaka ikawa jina la chombo. Nauli imepanda mara nyingi mno tangu wakati huo, na sarafu ile hainunui kitu, lakini jina lipo.

Kuhusu matangazo sina mengi, maana yanafanya kazi yake pale tu yaliyotangulia yamekamilika. Muuza kahawa anagonganisha vikombe. Anayepaka rangi za kucha anagonganisha chupa zake, fundi viatu anagonga kisanduku chake. Usikie vizuri sauti hizo: zinakuja pamoja na mali. Hamu ya kahawa ikikushika, birika liko hatua tano kutoka ulipo, bei unaijua, na kikombe ni kidogo kiasi kwamba huhitaji kufikiri. Tangazo la mtandaoni linaamsha hamu hiyohiyo kwa mtu aliye Goba wakati mali iko Kijichi, bei imefichwa, na nauli ya bodaboda ya kuleta mzigo inaizidi bidhaa. Hela iliyolipiwa kuboost ilimfikisha mteja mpaka mlangoni ambapo hapakuwa na mtu wa kumfungulia. Mdogo wangu angeanza na maduka 14, kisha akatangaza kwa watu wa Temeke peke yao, "uliza kwa Mangi wako", kila shilingi ingekuwa na pa kwenda.

Wanaouza huduma hali yao ni ngumu zaidi, na nawaonea huruma. Pakiti ya viungo unaweza kuinusa kabla ya kulipa. Kazi ya fundi cherehani, saluni, fundi bomba au mwalimu wa masomo ya ziada hainuswi. Mteja ananunua ahadi. Mwaka 1981 Bernard Booms na Mary Bitner waliyaongezea mafungu ya McCarthy mengine matatu kwa ajili ya huduma: watu wanaohudumia, utaratibu wa kazi, na vile vitu vya kuonekana vinavyompa mteja imani. Nimeshonesha kwa fundi mwenye mkono wa dhahabu aliyeniambia kesho mara nne, na nguo ikafika wakati harusi imeshaisha. Mkono wake haukuwa na kasoro, na sikurudi. Nashonesha sasa kwa fundi wa kawaida mwenye daftari lililofungwa kwa kamba ukutani, ambapo jina langu na siku ya kuchukua vinaandikwa nikiona. Siku asizoweza anasema siwezi, nenda kwa jirani. Mishono yake si ya ajabu. Foleni yake haiishi, hasa wiki mbili kabla ya Idi, na sijawahi kuona tangazo lake mahali popote. Daftari lile ndilo bidhaa.

Mdogo wangu bado ana ukurasa wake. Bei imeandikwa juu kabisa, na chini yake orodha ya maduka kwa majina ya mitaa. Makopo hayajafa: anauza machache kwa mama ntilie na wapishi wa shughuli, ambao kipimo chao ni sufuria la kilo ishirini na kopo kwao ndilo dogo.

Wiki iliyopita Mangi mmoja alimpigia simu. Wateja wake, wengi wapangaji wa chumba kimoja, wanauliza pakiti ya nusu kilo ya mchele. Tulikaa na mama mdogo tukipiga hesabu. Gramu tano ni viungo vya 125, na kifungashio kile kile cha 30, jumla 155. Kuiuza 250 kunaonekana sawa kwenye karatasi, kwa kuwa ni nusu ya jero, lakini hamsini ya chenji haipatikani, Mangi atawapa wateja pipi, na mteja aliyepewa pipi hafurahi. Mia tatu zinalipika kwa sarafu mbili. Hapo Mangi atataka sitini yake, mdogo wangu abaki na 85. Tena kila pakiti imefungashwa kwa mkono, usiku, baada ya kazi nyingine zote. Mama mdogo amesema ajaribu duka moja kwanza, kwa mwezi mmoja, na mizani ndogo inayopima gramu moja moja imeshaagizwa Kariakoo.